Safari ya nje ukitokea Kisumu: jinsi ya kupata njia ya kutumia pesa isiyokugharimu sana

Beba dola. Hilo ndilo jawabu utakalopewa hapa Kisumu na karibu kila mtu utakayemwambia unasafiri, uwe unaenda Kampala harusini, Mwanza matangani, Dubai kuchukua mzigo au Chennai na mgonjwa. Kwa Kampala na Mwanza ushauri huo ni hasara. Kwa Dubai na India una maana, lakini si kwa pesa yako yote.

Nimeandamana na dada yangu Dubai alipokwenda kununua nguo za duka lake, nimempeleka mama India kutibiwa, na mpaka wa Uganda pale Busia nimevuka mara nyingi. Kila nikirudi hukaa na risiti zote mezani, nikakokotoa kila njia ilinila kiasi gani. Utaratibu nitakaoueleza umetokana na hesabu hizo. Inaniuma kuona watu wakibana matumizi miezi sita ili wasafiri, kisha elfu tano au kumi zinatoweka kwenye kubadilisha tu, bila hata soda kununuliwa.

Kwanza: jua bei halisi ya pesa siku hiyo

Huwezi kujua kama umepunjwa ikiwa hujui bei ya kweli. Benki Kuu ya Kenya huchapisha kila siku ya kazi, kwenye tovuti yake, viwango elekezi vya dola, pauni, yuro, dirhamu, rupia, na pia shilingi za Uganda na Tanzania. Hicho ndicho kiwango cha kati. Hakuna duka litakalokuuzia kwa bei hiyo, lakini ndicho kipimo chako. Kiandike kwenye daftari au simu kabla hujaongea na mtu yeyote.

Kukiandika kwa kukisia haitoshi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka uo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyepanga safari kwa bei aliyoikumbuka kichwani alikosea vibaya sana.

Pili: hesabu kitu kimoja tu

Benki itakuambia haitozi ada. Duka la fedha litaandika "hakuna kamisheni" kwenye kioo. Huenda wote wawili wanasema kweli, na bado wamekutoza, kwa sababu malipo yao yamo ndani ya bei yenyewe. Dola wanayoinunua kwa 128.50 wanaiuza kwa 131.50, na hizo shilingi tatu katikati ndizo mapato yao.

Kwa hiyo achana na majina ya ada. Jiulize swali hili peke yake: ni shilingi ngapi zilizotoka kwangu, na ni kiasi gani cha pesa ya kigeni kilichofika mkononi au dukani? Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Namba utakayopata ndiyo bei yako ya kweli, na kila njia inaweza kupimwa kwayo.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwango cha kati ni shilingi 130 kwa dola, nawe unahitaji dola 1,000. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Zako utazitafuta siku yako.

Duka la fedha linauza kwa 131.50. Utatoa shilingi 131,500, basi. Juu ya bei halisi umelipa 1,500.

Ukilipa kwa kadi, Visa au Mastercard hubadilisha kwa kiwango chao, tuseme 130.50, kisha benki yako inaongeza asilimia yake, tuseme 3.5. Zitatoka 135,068. Umelipa 5,068 zaidi.

Ukitoa taslimu kwenye ATM ya huko kwa kadi hiyo hiyo, asilimia ni ile ile, lakini benki yako inaongeza ada ya kutoa, tuseme shilingi 500, na mashine ya huko inakata yake, tuseme dola 5, yaani 650. Ukitoa zote mara moja, zitakuwa 136,218. Ukitoa dola mia mbili mbili mara tano, kama wengi wanavyofanya kwa kuogopa kutembea na pesa nyingi, zitakuwa 140,818. Hapo karibu elfu kumi na moja imekwenda.

Katika mfano huu taslimu iliyonunuliwa nyumbani imeshinda. Lakini badilisha namba moja tu na matokeo yatageuka: benki isiyoongeza asilimia yoyote kwa matumizi ya nje ingeifanya kadi kuwa nafuu kuliko duka la fedha. Ndiyo maana siwezi kukuambia "tumia kadi" au "tumia taslimu" kama sheria. Naweza kukuambia uulize nini.

Tatu: maswali ya benki, kabla hujakata tiketi

Nenda tawini mwenyewe. Pale Oginga Odinga Street benki zimepangana, unaweza kuuliza kwenye mbili tatu kwa asubuhi moja. Omba karatasi ya ada, usiridhike na jibu la mdomo:

- Nikilipa dukani nje ya nchi, mnaongeza asilimia ngapi juu ya kiwango cha Visa au Mastercard?
- Nikitoa pesa ATM ya nje, ada ni ngapi kwa kila mara, na kiwango cha juu kwa siku ni kipi? Ushuru wa serikali umo ndani ya ada hiyo au unaongezwa juu?
- Kadi yangu inafanya kazi nje sasa hivi, au ni lazima ifunguliwe kwa ajili ya safari?
- Nikifungua akaunti ya dola, ina ada ya mwezi, na kadi yake inagharimu nini?

Swali la tatu watu hulipuuza na ndilo linaloacha mtu amekwama kaunta ya hoteli saa sita usiku. Benki nyingi hufunga matumizi ya nje kama kinga dhidi ya wizi. Pia washa rominga ya laini yako kabla ya kuondoka, kwa sababu namba ya kuthibitisha malipo ya mtandaoni huja kwa ujumbe kwenye simu hiyo. Laini ikiwa kimya, kadi nayo ni plastiki tu.

Kuna jaribio ninalolipenda kuliko maelezo yote ya wahudumu wa benki. Ukiwa bado Kisumu, nunua mtandaoni kitu kidogo kinachouzwa kwa dola, dola tano hivi, kwa kadi unayotaka kusafiri nayo. Subiri siku chache hadi malipo yakamilike, kwa sababu ujumbe wa kwanza unaweza kuwa makadirio tu. Halafu gawanya shilingi zilizotoka kwa dola tano. Umeshapata bei ya kweli ya kadi yako bila kumuuliza mtu.

Fanya vivyo hivyo kwa M-PESA GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2022. Ni nzuri kwa kulipia tiketi, viza na hoteli kabla ya safari, maana huhitaji akaunti ya benki. Ila haina kadi ya kushika mkononi, kwa hiyo usiitegemee kwa kutoa pesa ATM.

Neno moja kuhusu kadi ya mkopo: kwa kulipa hoteli ni bora kuliko kadi ya akaunti yako, kwa sababu hoteli na wakodishaji magari huzuia kiasi cha dhamana, na kwenye kadi ya kawaida hiyo ni pesa yako halisi inayofungwa, pengine kwa majuma. Lakini usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo. Riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, juu ya ada.

Nne: Uganda na Tanzania, ambako dola hukuibia

Kwa jirani zetu, beba shilingi za Kenya. Sababu ni kwamba kila unapobadilisha unalipa. Ukinunua dola Kisumu kisha ukaziuza Kampala, umelipa mara mbili.

Hesabu yake ni hii. Tuseme una shilingi 20,000 na kiwango cha kati ni shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, yaani 560,000 kamili. Duka la fedha mpakani likikupa 27.60, utapata 552,000. Ukipitia dola kwa bei ya 131.50 utapata kama dola 152, na ukiziuza Kampala kwa 3,600 utapata 547,200. Tena hapo nimekuhurumia, kwa sababu maduka ya fedha huko, kama ya kwetu, hununua noti za dola 50 na 100 kwa bei nzuri kuliko noti ndogo, na noti zenye tarehe za zamani wanaweza kuzikataa kabisa.

Sasa Busia yenyewe. Ukishuka kwenye matatu iliyotoka Kisumu kupitia Luanda, Yala na Ugunja, hujafika hata langoni na vijana wenye mabunda ya noti wameshakuzunguka. "Madam, Uganda? Kuja nikupee poa." Si wote wezi, wengi wanaishi kwa kazi hiyo miaka mingi na wanataka urudi. Lakini hawakupi risiti, na ukigundua kasoro ukiwa Iganga, ndani ya Uganda, huna wa kumrudia. Nimeshuhudia mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akihesabiwa noti mbele ya macho yake, bunda likaonekana sawa, kumbe noti kadhaa zilikuwa zimekunjwa katikati na kuhesabiwa mara mbili. Alikuwa akipeleka karo ya mwanawe.

Kwa hiyo: ingia kwenye duka la fedha lenye leseni au benki, upande wowote wa mpaka. Ikiwa huna budi kutumia mtu wa barabarani, badilisha kiasi kidogo tu cha nauli na chakula, na ufuate mpangilio huu. Uliza kwanza: "Kenya inaenda ngapi leo?" Akisema, fanya hesabu kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye kikokotoo chake. Pokea za kwake uzihesabu noti moja moja, ukizikunjua, kabla hujatoa za kwako. Zikishapita mikononi mwako usimrudishie "azihesabu tena". Akizishika tena, anza upya.

Na kama unavuka kununua vitu Busia ya Uganda tu na kurudi, huenda usihitaji kubadilisha chochote. Maduka mengi pale hupokea shilingi za Kenya. Uliza bei kwa pesa zote mbili, ugawanye, uone duka linakuhesabia kiwango gani.

M-PESA nayo inaweza kutuma moja kwa moja kwa laini ya MTN ya Uganda na kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Hii ni njia salama ukiwa na ndugu wa kuaminika huko, na simu hukuonyesha kiasi atakachopokea kabla hujathibitisha, kwa hiyo hesabu ya kugawanya inafanyika pale pale. Kumbuka kuongeza gharama ya upande wa pili: wakala wa Uganda ana ada yake ya kutoa, na serikali ya Uganda hukata asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Ikiwa mwenyeji wako atalipa kwa simu bila kutoa taslimu, asilimia hiyo mnaiepuka.

Wanaopita Migori na Isebania kwenda Tarime na Mwanza wafuate hesabu ile ile. Isitoshe, tangu mwaka 2025 Tanzania imepiga marufuku bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Hata ukifika na dola, hoteli na duka vinatakiwa kukutoza kwa shilingi, kwa hiyo dola zako bado zitabadilishwa tena.

Tano: Dubai

Hapa ndipo dola inapofaa, kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Huhitaji kuangalia soko. Ukipewa 3.65 umelipa kama asilimia 0.6, na hiyo ni haki. Ukipewa 3.60, ni asilimia mbili. Sogea duka la pili. Mtaa wa Deira umejaa maduka ya fedha, na kutembea dakika tano kunaweza kukuokolea pesa ya chakula cha siku. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, cha kukufikisha mjini.

Kwa mfanyabiashara taslimu ina faida nyingine: wauzaji wa jumla wanaojadiliana bei hupunguza wakiona noti, na wengine huongeza kitu ukitoa kadi. Uliza bei ya mwisho kwa kila njia kabla ya kukubaliana.

Sita: swali la mashine, ambalo jibu lake ni moja

Katika safari ile na dada yangu, bili ya hoteli ilikuwa dirhamu 1,840. Mhudumu alinisogezea mashine ya kadi, nayo ikauliza: nilipe kwa dirhamu au kwa shilingi za Kenya? Shilingi zilionekana kama ukarimu, pesa ya nyumbani ninayoielewa. Nikabonyeza shilingi. Zilitoka 69,700. Kwa kiwango cha kati cha 130, bili ile ilikuwa shilingi 65,132. Na hata benki yangu ingeongeza asilimia 3.5, zingekuwa kama 67,400. Nilipoteza zaidi ya elfu mbili kwa kidole kimoja.

Kilichotokea ni kwamba ukichagua pesa ya kwenu, anayebadilisha si Visa wala Mastercard bali kampuni ya mashine, kwa bei anayojipangia, na faida hugawana na mwenye duka. Baadhi ya benki hukutoza pia asilimia yao juu ya hapo kwa sababu malipo yametoka nje.

Chagua pesa ya nchi uliyopo, kila mara. Dubai ni dirhamu, Kampala ni shilingi ya Uganda, London ni pauni. Mhudumu akikubonyezea bila kukuuliza, na risiti ikatoka na shilingi za Kenya, usitie saini. Mwombe afute na aanze upya. ATM nazo hufanya mchezo huo. Zitakuonyesha kiwango "cha uhakika" na kukuomba ukikubali. Kataa. Watu huogopa kwamba wakikataa pesa hazitatoka. Zitatoka, ila zitabadilishwa na mtandao wa kadi yako.

Saba: India na mgonjwa, na kwa kifupi Uingereza

Gharama kubwa ya India ni hospitali, na hiyo usiibebe mfukoni. Omba makadirio ya maandishi, kisha tuma kutoka benki yako. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya nani atalipa ada: mtumaji, mpokeaji, au wagawane. Chagua mtumaji. Vinginevyo benki za katikati hukata njiani, hospitali inapokea pungufu, nawe unaanza kukimbizana na mhasibu wakati mgonjwa yuko wodini. Yalitupata hayo, na dola 40 zilizopungua zilituchelewesha siku nzima.

Dola za matumizi ya kila siku zibadilishe mjini na utunze risiti ya kubadilishia, kwa sababu utaihitaji ukitaka kurudisha rupia zilizobaki kuwa dola. Ukiingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, zitangaze forodhani. Kwa upande wa Kenya, kuingia au kutoka na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa pesa nyingine, ni lazima utangaze.

Uingereza ni nchi ya kadi. Mabasi ya London hayapokei taslimu tangu mwaka 2014. Hofu ya kadi ni kwamba benki yako inaweza kuwa na kiwango cha chini cha ada kwa kila malipo, na nauli ndogo ndogo zikawa ghali. Lakini usafiri wa London hujumlisha nauli zako za siku na kuzitoza kwa mkupuo, mradi ugonge kadi ile ile siku nzima. Dukani fanya hivyo mwenyewe: nunua mara moja kwa wingi.

Nane: kugawa pesa na kurudi nyumbani

Usiweke kila kitu mahali pamoja. Mimi hubeba taslimu ya siku tatu mwilini, nyingine ndani ya mzigo wa mkononi, kadi mbili za benki mbili tofauti, moja ikiwa haitoki hotelini. Taslimu ni nafuu hadi ipotee; kadi unaweza kuifunga kwa simu, noti haiwezekani. Kwa hiyo hata hesabu ikisema taslimu imeshinda kwa elfu tatu, jiulize kama uko tayari kutembea na laki mbili kiunoni kwa elfu tatu hizo. Mara nyingine jibu langu limekuwa hapana.

Ukirudi, pakua taarifa ya benki ulinganishe na risiti, mstari kwa mstari. Dhamana ya hoteli ambayo haijarudi baada ya majuma mawili matatu ifuatilie benki. Malipo yaliyojirudia yalalamikie mapema, kwa maandishi.

Sarafu hakuna duka la fedha litakalozichukua, kwa hiyo zimalizie uwanja wa ndege wa huko. Noti za mbali ziuze, usiziweke kabatini ukisubiri safari ya baadaye: noti zetu za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kutumika mwaka 2019, na noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma Septemba 2022, na bado kuna watu waliozitunza. Shilingi za Uganda peke yake siziuzi. Nikirudi nazo huzitia kwenye bahasha pamoja na pasi, na safari inayofuata huvuka Busia nikiwa na nauli ya kunifikisha Kampala, nikawapita vijana wa mabunda bila kusimama.